Kikopo Chenye Jina la Baba

Kila jioni, Chesang alipomaliza kazi ya shule, alitoka na kusimama kando ya lango la mabati la ploti yao, mtaani Rhonda, Nakuru, akimngoja baba yake. Alimngoja baba, ndiyo, lakini tusidanganyane, alingoja pia maziwa. Levis, baba yake, alifanya kibarua cha kupasua mbao katika yadi ya Mzee Gurbachan kule viwandani, na kila mtu wa mashine alipewa pakiti ya maziwa kabla ya kutoka kazini. Desturi hiyo ilikuwapo tangu enzi za baba yake Gurbachan. Pale yadini watu waliamini kwa moyo wote kwamba maziwa huosha vumbi la mbao kifuani, likateremka tumboni na kwenda zake. Wengi waliyanywa papo hapo wakiwa wamesimama, wakafuta midomo kwa mikono iliyojaa unga wa mbao. Levis hakuyanywa. Aliyatia kwenye mfuko wa koti na kuyaleta nyumbani.

"Shika, mama. Pika chai nzito," alimwambia binti yake.

"Na kifua chako je, Baba?"

"Changu kimezoea."

Kisha alikohoa, akaingia ndani huku amejishika ubavu.

Chumba chao kilikuwa kimoja, pazia katikati, kitanda cha baba upande huu na godoro la Chesang upande ule. Jepleting, mama yake, aliosha vyombo katika hoteli moja ya nyama choma huko Kikopey. Alilala huko huko na kuja nyumbani alipopewa ruhusa tu, na ruhusa zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Dirisha walikuwa nalo, dogo, lakini mtu yeyote aliyewahi kuishi Rhonda wakati wa kiangazi anajua kwamba vumbi la huko halibishi hodi. Levis alileta kipande cha plaiwudi kutoka yadini, akakigongomea misumari mirefu juu ya dirisha. Majirani waliisifu kazi ile, na wengine wakamwomba awafanyie vivyo hivyo. Vumbi likakoma kuingia. Hewa nayo ikakoma, ila hilo nani alilifikiria?

Kikohozi cha Levis kilianza msimu alipokuwa akienda Elburgon kuchukua mbao. Lori liliendeshwa na Rohan, mwana wa Gurbachan, kijana mcheshi ambaye hakujua kunyamaza. Baridi ya msitu wa Mau si ya kuchezea, kwa hiyo walifunga vioo na kusafiri hivyo kwenda na kurudi, Rohan akikohoa na kucheka, akilaumu baridi. Baadaye Rohan hakuonekana tena. Yadini walisema ameenda Kisumu kwa wajomba zake. Alikaa huko muda mrefu sana, na aliporudi alikuwa amenenepa hadi shati linambana.

"Kisumu kuna samaki wazuri," Levis alimwambia Chesang siku hiyo, akicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kwisha.

Wakati huo mashavu ya Levis yalikuwa yameingia ndani. Mshipi aliuongezea tundu kwa msumari. Asubuhi shuka lake liliamka limelowa jasho hata kama usiku ulikuwa wa baridi. Chesang aliyaona haya yote, na moyoni alijilaumu. Aliamini kwamba baba anaumwa kwa sababu yeye, Chesang, ndiye anayekunywa maziwa ambayo yangemwosha kifua. Hata jioni moja alikataa chai, akasema tumbo linamuuma, ili baba anywe yote. Levis alimbembeleza mpaka akainywa.

Yeye mwenyewe alikuwa na kikohozi kidogo, cha kuja na kuondoka. Hakukijali. Rhonda wakati wa vumbi, nani hakohoi?

Siku moja Nerima alifika kwenye ploti. Nerima alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa ule, mama mnene mwenye mkoba mgongoni, aliyejua jina la kila mtoto na la kila mbwa. Alipita mlango kwa mlango akiuliza nani anakohoa. Alipofika kwa Levis hakuhitaji kuuliza, alikuwa amemsikia tangu langoni.

"Baba Chesang, hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Ni vumbi la mbao tu, mathe. Sisi wa yadi wote tuko hivyo."

"Sawa. Basi tulipime hilo vumbi." Nerima alitoa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akaandika jina la Levis ubavuni. "Kesho alfajiri, kabla hujatia kitu kinywani, kohoa kutoka ndani kabisa uteme humu. Usiniletee mate, nataka makohozi. Nitapita kukichukua."

Levis alikipokea kwa vidole viwili. Jioni nzima kikopo kilikuwa mezani katikati yao, na Chesang alimwona baba yake akikitazama, akigeuka, kisha akikitazama tena.

Kulikuwa bado giza Chesang alipoguswa bega.

"Amka, mama. Kohoa humu."

Chesang alifikicha macho. Baba yake alikuwa ameketi ukingoni mwa godoro, kikopo mkononi.

"Lakini Aunti Nerima alisema ni yako."

"Najua alichosema." Levis alivuta pumzi, nayo ikalia kifuani. "Unamkumbuka yule jamaa wa randa, aliyetema damu pale kazini? Mburu alimwambia nini?"

Chesang alikumbuka. Mburu alikuwa nyapara wa yadi. Alikuwa amemwambia yule mtu, "Nenda upumzike, tutakupigia." Hakuna aliyempigia. Mkewe na watoto walihama ploti usiku, na hakuna aliyejua walikokwenda.

"Mimi changu ni vumbi," Levis aliendelea. "Lakini watu wa kliniki hawajui mambo ya mbao. Wataona kifua kichafu, waseme ni TB, na Mburu atasikia kabla jua halijapanda. Kibarua hana likizo, mama. Siku nisipofanya kazi ndiyo siku tusiyokula. Wewe ni mzima. Kikopo kikirudi safi, kila mtu atatulia."

Chesang hakupenda, lakini aliyekuwa akimwomba ni baba yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa pembeni. Alitema. Levis alitazama, akatikisa kichwa, akamwaga. "Hayo ni mate. Vuta kutoka ndani." Chesang akavuta mpaka machozi yakamtoka, akakohoa, na kitu kizito kikaja. Levis akafunga kifuniko, akakifuta kikopo kwa shati lake, akakiweka mlangoni.

Majibu yalipotoka, Nerima alimkuta Chesang nje akifua sare za shule.

"Baba hajarudi?"

"Bado, Aunti."

"Akija tu, mwambie aje kwangu. Hata akiwa amechoka namna gani, aje."

"Majibu ni mazuri?"

"Hayo nitamwambia mwenyewe," Nerima alijibu, akamshika kichwa. "Lakini usiogope. Dawa ipo, na ni ya bure."

Chesang alikuwa Gredi ya Saba, hakuwa mjinga. Mtu asiyeumwa hapewi habari za dawa. Alibaki amesimama mbele ya karai, povu likikauka mikononi. Kikopo kilikuwa na jina la baba, lakini kilichokuwa ndani kilitoka kifuani mwake. Akakaa chini papo hapo kwenye maji machafu.

Levis aliporudi alimkuta bado amekaa.

"Baba, kikopo kimepatikana na ugonjwa."

Levis aliweka pakiti ya maziwa juu ya kamba ya nguo, mahali ambapo haiwezi kukaa, ikaanguka. Hakuiokota. Alichuchumaa mbele ya binti yake, akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama kama aliyepoteza kitu ndani ya macho yake.

"Ni wewe," alisema. "Ee Mungu wangu, ni wewe."

Alikwenda kwa Nerima, akarudi na mfuko wa dawa. Akafunga mlango na komeo, akamketisha Chesang kitandani.

"Zimeandikwa jina langu, lakini ni zako. Utakuwa ukinywa mbele yangu kila asubuhi."

"Na wewe utakunywa nini?"

"Mimi siumwi. Kilichopimwa ni chako, na ugonjwa umeonekana kwako. Changu ni vumbi, si nimekwambia?"

"Twende tumwambie Aunti ukweli, Baba. Atupime sote wawili."

"Nikamwambie nini? Kwamba niliidanganya kliniki kwa kifua cha mtoto wangu?" Levis alizungumza kwa kunong'ona, maana kuta za mabati zina masikio. "Habari itazunguka. Mburu atanitoa, na mwenye ploti atatutoa. Tukitupwa nje, hizo dawa utazinywea wapi, na utazinywa na chakula gani? Ukipona, tutasema. Kwanza upone."

Na hapo ndipo kosa lilipokaza mizizi. Mtu aliyempenda mwanawe kuliko roho yake alimpa dawa ambazo wote wawili walizihitaji, akabaki mikono mitupu, akiamini amefanya jambo la busara.

Dawa zilikuwa nyingi na kubwa, za kipimo cha mtu mzima. Chesang alizimeza moja moja kwa maji. Mkojo wake uligeuka rangi ya machungwa, akadhani anakufa, mpaka baba alipokwenda kumuuliza Nerima kijanja na kurudi na jibu kwamba ni kawaida. Nerima alikuwa amemwambia Levis kwamba dawa hizo zinataka chakula cha kutosha, hivyo kila asubuhi likapatikana yai moja. Chesang alikula yai. Levis alikunywa chai ya rangi, akafunga mshipi, akaenda kupasua mbao.

Nerima alipita kila wiki. Alihesabu pakiti zilizokwisha, zikawa sawa. Alimhimiza Levis amlete mtoto apimwe, na Levis akajibu, "Jumamosi, mathe." Jumamosi ikafika, kukawa na lori la kushusha. Jumamosi nyingine, vivyo hivyo.

"Baba anakunywa dawa zake?" Nerima alimuuliza Chesang siku moja faraghani, uso umekunjamana. "Mbona haongezeki uzito?"

"Anakunywa. Mimi humwona."

"Wewe ni mtoto mzuri. Endelea kumsimamia hivyo hivyo."

Sifa ile ilimchoma Chesang kuliko kofi. Yeye kikohozi kilikuwa kimemwacha, miguu imepata nguvu, hata shuleni alikuwa amerudi kukimbia. Kila alipopata nafuu, baba alizidi kukonda, na Chesang aliona kana kwamba anamla baba yake kidogo kidogo kila asubuhi pamoja na lile yai. Alitaka kusema. Alifungua kinywa, akaona uso wa Mburu, akaona vitu vyao vimetupwa nje ya lango, akakifunga.

Kisha ikaja jioni ambayo Levis alirudi bila maziwa.

Chesang, kule langoni, alijua kuna jambo kabla baba hajasema lolote. Koti lilining'inia mabegani bila uzito mfukoni. Levis alipita bila kumsalimu, akaketi kitandani na kofia yake ya kazi, unga wa mbao ukimdondoka magotini.

"Mburu amenirudisha," alisema. "Amesema nipumzike, watanipigia."

Alijaribu kucheka. Kikohozi kikamkamata, akaziba mdomo kwa kitambaa, na alipokiondoa kilikuwa chekundu. Akakikunja haraka, lakini binti yake alikuwa ameona.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Walidanganya wasifukuzwe, na kufukuzwa kukaja vilevile. Chesang aliuelekea mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Aunti Nerima."

"Usiende, mama. Kesho nitakuwa sawa."

Chesang hakuwahi kumwasi baba yake. Alisimama mkono kwenye komeo, akilia, kisha akafungua na kukimbia.

Alimkuta Nerima akichambua sukuma wiki. Alimweleza yote bila kupumzika: kikopo, alfajiri ile, dawa, yai, maneno yake mwenyewe ya uongo. Nerima alisikiliza hadi mwisho. Kisu kilimwanguka. Chesang alingoja kukemewa, na angefurahi kama angekemewa, lakini Nerima alisema tu, "Vaa hii barakoa," akachukua simu na kuita tuktuk.

Hospitalini walimpiga Levis picha ya kifua. Daktari aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Nerima badala ya kumtazama mgonjwa. Mapafu yalikuwa yameliwa vibaya. Kama angekuja miezi michache nyuma, daktari alisema, hii ingekuwa kazi ya vidonge tu. Chesang naye alipimwa, akapewa kadi yenye jina lake mwenyewe na dawa za uzito wake, akaambiwa ataanza upya hadi amalize miezi yote.

Jepleting alifika asubuhi iliyofuata kutoka Kikopey, aproni ya hoteli ikiwa bado kiunoni. Alipoelezwa, hakumlaumu mtu. Aliketi sakafuni nje ya wodi, akajifunika uso kwa aproni ile inayonuka moshi wa nyama. "Ningekuwa nyumbani ningeona," alirudia. "Ningekuwa nyumbani ningeona." Lakini angekaa nyumbani, nani angelipa kodi?

Wodi ya wagonjwa wa kifua ilikuwa na madirisha mapana, yote wazi, ili hewa ipite. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Chesang na mama yake walisimama nje dirishani, na Levis alilazwa karibu, ili wazungumze. Walikuwa wamesimama pale siku Mzee Gurbachan alipokuja.

Alikuja peke yake, mzee mrefu mwenye kilemba cha samawati, amebeba katoni ya maziwa begani kama kibarua. Aliiweka chini ya kitanda. Kwa muda hakujua aweke wapi mikono yake.

"Levis, nimesikia jana tu. Mburu hakuniambia."

"Ahsante kwa kuja, Mdosi." Sauti ya Levis ilikuwa nyembamba.

"Nina neno nataka kukwambia, na si neno jepesi." Mzee alitazama sakafu. "Rohan hakwenda Kisumu. Alikuwa hapa hapa Nakuru, nyumbani kwangu, chumba cha juu. Alikuwa na TB. Kikohozi kilipozidi mama yake alimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, akaanza dawa. Akalala, akala, akaletewa kila alichotaka mpaka akapona. Tuliona aibu, tukataka watu wa hekaluni wasijue, wateja wasijue. Tukasema Kisumu."

Pumzi ya Levis ilisikika hadi nje.

"Tulikuwa ndani ya lori moja, Mdosi," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Vioo tumefunga."

"Ndiyo. Daktari alituambia wote waliokaa naye wapimwe. Tulipima watu wa nyumbani. Sikukutaja." Gurbachan alitoa kitambaa, akafuta macho bila kuficha. "Ningesema siku ile, ungepimwa siku ile."

Levis aligeuza kichwa kuelekea dirishani, akamwangalia Chesang. Hakumjibu tajiri wake. Alimwambia binti yake, "Umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa, Baba."

"Zako?"

"Zangu."

"Vizuri."

Levis alikufa kabla mvua za masika hazijaanza. Dawa zilijitahidi, lakini zilikuta kifua kimekwisha. Gurbachan aligharamia mazishi, na lori lile lile la mbao ndilo lililobeba jeneza hadi kwa wazee wa Levis, huko juu karibu na Elburgon. Rohan aliliendesha, vioo vyote wazi na baridi yote ile, na safari nzima hakusema neno.

Walipokwisha kurudi Rhonda, Chesang hakutaka kula wala kwenda shuleni. Nerima alimkuta ameketi gizani mchana, dirisha bado limegongomewa. Jepleting, ambaye sasa alikuwa ameacha kazi ya Kikopey, alimkaribisha kwa ishara ya mkono.

"Mimi ndiye niliyemuua," Chesang alisema. "Nilikunywa maziwa yake. Nikanywa na dawa zake."

Nerima aliketi kando yake kwenye godoro.

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Maziwa hayaoshi kifua. Hayajawahi kumwosha mtu yeyote, ni chakula tu kama yai. Hata angekunywa katoni nzima angeugua. Na zile dawa ni yeye aliyekupa, wewe ulimwambia mkaseme ukweli. Huo mzigo ni wa watu wazima, usijitwishe."

"Rohan alikuwa na ugonjwa gani?"

"Huo huo."

"Mbona yeye alipona?"

Nerima alimgeukia. "Kwa sababu alikuwa na chumba chenye madirisha," alisema. "Kwa sababu alilala miezi na hakuna aliyelala njaa nyumbani kwao. Baba yako angelala wiki moja mngekosa unga. Wadudu wa TB hawajui tajiri wala maskini, wanaingia kwa yeyote. Lakini wakishaingia, wanamkuta mmoja amelala kwenye hewa safi, ameshiba, na mwingine amejifungia na woga wake. Familia ya Mdosi ilidanganya, na baba yako akadanganya. Wao uongo uliwaokoa na maneno ya watu. Ninyi uliwachukulia mtu wenu. Hiyo si haki, Chesang, na sitakudanganya kwamba ni haki."

Chesang alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alipomaliza aliinuka, akaleta nyundo ya baba yake kutoka chini ya kitanda. Misumari ilikuwa mirefu, imeingia sana. Wote watatu walipokezana kuing'oa, hadi plaiwudi ikaanguka na mwanga ukaingia pamoja na vumbi. Jepleting alilifuta vumbi mezani bila kulalamika.

Chesang alirudi shuleni, na dawa zake akazimeza zote hadi mwisho. Siku daktari alipomwambia amepona, alirudi nyumbani akaipeleka kadi yake mahali picha ya baba ilipotundikwa, akaiegemeza hapo.

Wiki hiyo hiyo Gurbachan aliwakusanya wafanyakazi wa yadi. Mashine zilizimwa, na ilikuwa ajabu kusikia ndege mahali pale. Mbele ya wote, Rohan akiwa kando yake, mzee alieleza habari za kile chumba cha juu. Haikuwa rahisi. Kisha akasema kwamba kuanzia siku hiyo atakayepatikana na TB atatibiwa huku akilipwa siku zake, na akipona atarudi kwenye mashine yake. Nerima alikuwa amekuja na mkoba uliojaa vikopo, na Chesang alikuwa amemfuata ili amsaidie kuvigawa.

"Nimesikia mkisema mnaogopa," Nerima aliwaambia watu wale. "Hamna makosa kuogopa. Lakini shikeni hili: mkimfukuza anayekohoa, hamjaufukuza ugonjwa. Mmemfundisha kuuficha tu, na ukifichwa unakula nyumba nzima. Anayekohoa aseme. Anayesikia asaidie. Dawa inaponya, ila inamponya yule aliyetaja jina lake mwenyewe."

Chesang alipita akigawa vikopo. Mwisho wa foleni alikuwa Mburu, nyapara. Alikuwa amekonda, kola ya shati imelegea shingoni, na siku hizo alikuwa akikoholea ndani ya kiwiko akidhani hakuna anayeona. Nyuma yake alisimama kijana wake mdogo, aliyekuja moja kwa moja kutoka shuleni. Mburu alikipokea kikopo, akakigeuza geuza, akasoma jina lake ubavuni. Kisha macho yake yakamwendea mtoto.

Chesang aliyaona macho yale. Aliyajua.

"Kohoa mwenyewe, Mzee," alimwambia kwa sauti ya chini. "Usimpe mtoto."

Mburu aliinamisha kichwa. Akakitia kikopo mfukoni, akamshika mwanawe mkono, na asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika kliniki.